Penseli mbili na Gharika ya Nuhu: nilivyoanza kusoma dini kama somo

Ukisema unataka kusoma dini kama somo, yaani historia ya maandiko pamoja na visasili vya mataifa yaliyoyazunguka, utashauriwa umalize kwanza Biblia nzima, kisha nadharia. Ushauri huo unaniudhi, maana unawachosha watu kabla hawajatoka Mambo ya Walawi. Mimi nilifunguliwa njia na sura nne tu, Mwanzo 6 hadi 9, nikiwa na penseli ya bluu, nyekundu na karatasi ya kuhesabia.

Chukua Biblia inayotenganisha majina ya Mungu. Union Version huandika BWANA kwa herufi kubwa mahali ambapo Kiebrania kina lile jina la herufi nne (YHWH), na Mungu mahali penye Elohimu. Habari Njema huweka Mwenyezi-Mungu badala ya BWANA, nayo inafaa. Nakili sura hizo kwa mkono na uache nafasi pana pembeni.

Njia inayofundishwa sana ni kufuata majina peke yake: BWANA bluu, Mungu nyekundu. Jean Astruc, tabibu Mfaransa, alichambua Mwanzo hivyo katika kitabu alichokitoa mwaka 1753, na kwa sura ya 1 na ya 2 inakwenda vizuri. Kwenye gharika inakwama. Mwanzo 7:16 ina majina yote mawili katika aya moja: wanyama wanaingia kama Mungu alivyoagiza, kisha BWANA anamfungia Nuhu mlango. 7:8-9 ni ngumu zaidi: inataja wanyama safi na wasio safi, jambo ambalo katika 7:2 lilisemwa na BWANA, yaani upande wa bluu, lakini wanaingia wawili wawili, na aliyeamuru ni Mungu. Anayefuata majina tu huanza hapa kukatakata aya ovyo, mwisho anatupa penseli.

Kilichonikwamua ni kugeuza utaratibu: tafuta kwanza mambo yaliyosemwa mara mbili au yanayopingana, ndipo uangalie majina. Sababu ya gharika inatolewa mara mbili, 6:5-7 na 6:11-13. Nuhu anaingia safinani mara mbili, 7:7 na 7:13. Viumbe wanakufa mara mbili, 7:21 na 7:22-23. Idadi ya wanyama ni wawili wa kila aina katika 6:19-20, lakini 7:2-3 inataka walio safi saba saba. Maji ni mvua ya siku 40 katika 7:12, ilhali 7:11 inasema chemchemi za vilindi zilibubujika na madirisha ya mbinguni yakafunguka, na 7:24 inatoa siku 150. Tia rangi hayo kwanza, kila simulizi rangi yake, majina yatajipanga yenyewe isipokuwa mahali pachache kama 7:9, na hapo ndipo mkono wa mhariri aliyeunganisha masimulizi mawili unapoonekana.

Sasa soma bluu peke yake. BWANA anahuzunika moyoni, anampa Nuhu siku saba, mvua inanyesha siku 40, njiwa anatumwa, mwisho Nuhu anajenga madhabahu (8:20) na kutoa wanyama safi. Kumbe ndiyo maana ya wale saba saba! Wangekuwa wawili tu, kila sadaka ingefuta aina moja ya mnyama. Soma nyekundu: hakuna madhabahu wala sadaka, kwa hiyo wawili wanatosha. Badala yake kuna vipimo vya safina, dhiraa 300 kwa 50 kwa 30, tarehe kamili, na agano la upinde katika sura ya 9. Wasomi wengi huuhusisha upande huu na makuhani, ambao kwao sadaka halali ilianza na Haruni.

Tarehe zikague kwa karatasi ya hesabu. Gharika inaanza mwezi wa 2 tarehe 17, mwaka wa 600 wa maisha ya Nuhu, na nchi inakauka mwezi wa 2 tarehe 27 mwaka unaofuata. Ukichukua mwaka wa mwezi mwandamo, siku 354, ukaongeza siku 11 (17 na 27 zote zikihesabiwa), unapata 365, mwaka kamili wa jua. Lakini kutoka mwezi wa 2 tarehe 17 hadi mwezi wa 7 tarehe 17 ni siku 150, yaani miezi ya siku 30. Hesabu hizo mbili hazilingani. Usizilazimishe, ziandike pembeni uendelee.

Baada ya hapo, na si kabla, leta Babeli. Tarehe 3 Desemba 1872 George Smith alisoma mbele ya watu London tafsiri ya kibao cha udongo chenye maandishi ya kikabari kutoka Ninawi, sehemu ya utenzi wa kale wa mfalme Gilgamesh, kibao cha 11. Mungu Ea anamwonya Utnapishtimu, aliye kama Nuhu wa utenzi huo, kupitia ukuta wa matete. Chombo kina dhiraa 120 kila upande. Dhoruba inadumu siku sita na usiku saba. Anatumwa njiwa, kisha mbayuwayu, kisha kunguru. Na sadaka inapofukizwa miungu inakusanyika juu yake kama nzi. Linganisha na Mwanzo 8:21, BWANA anaposikia harufu nzuri. Nakushauri upange safu mbili, tukio kwa tukio, na uandike tofauti kwa herufi kubwa kuliko mfanano, kwa kuwa anayehesabu mfanano tu huishia kusema "waliiga" na somo linafia hapo.

Tofauti inayolipa kuliko zote imo katika utenzi mwingine wa Babeli, wa Atrahasisi, wenye nakala ya karne ya 17 KK. Humo mungu Enlili anakosa usingizi kwa kelele za wanadamu waliozidi kuongezeka. Analeta tauni, ukame, hatimaye gharika. Mwishoni miungu inawekea uzazi mipaka: wanawake wengine wasizae, na pepo awanyakue watoto wachanga. Halafu fungua Mwanzo 9:1: "Zaeni, mkaongezeke." Tatizo la Babeli lilikuwa wingi wa watu, la Mwanzo ni dhuluma. Simulizi ileile imegeuzwa kusudi.

Na usikimbilie kusema Waisraeli waliisikia uhamishoni Babeli tu. Megido kimepatikana kipande cha Gilgamesh cha karibu karne ya 14 KK. Hakina gharika, lakini kinaonyesha utenzi wenyewe ulijulikana Kanaani mapema sana.

Ukristo wa kwanza uuingie kwa mlango wa Mwanzo 6:1-4, aya za wana wa Mungu na binti za wanadamu, ambazo watu huziruka. Kitabu cha Henoko, sura ya 6 hadi 11, kinazipanua: malaika 200 wanashuka Mlima Hermoni, Azazeli, mmoja wao, anafundisha kufua panga, ndipo gharika inakuja na malaika hao wanafungwa. Kitabu kizima kimehifadhiwa kwa Kigeezi na Kanisa la Ethiopia, na vipande vya Kiaramu vilipatikana Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi. Kisome kabla ya 1 Petro 3:19-20, penye roho waliokaa kifungoni na watu wanane waliookoka, kisha Yuda 14-15, inayomnukuu Henoko kwa jina. Ukifuata utaratibu huo, aya za Petro zinazowasumbua wahubiri wengi zinaacha kuwa fumbo. Ukianza na Petro, hutaelewa ni kifungo gani.