Delhi hadi Tokyo: kwenda si sawa na kurudi

Kutoka Delhi hadi Tokyo, kwa njia iliyo fupi kuliko zote, ni takriban kilomita 5,850, lakini muda wa kwenda na wa kurudi haulingani hata kidogo. Kuelekea mashariki, ndege hutumia saa 8 hivi. Kurudi huweza kufika saa 9 au zaidi, hasa majira ya baridi, kwa sababu upepo mkali wa kimo cha juu, uvumao kutoka magharibi, huweza kupita kilomita 300 kwa saa juu ya Japani. Nilipokuwa nikirudi, skrini iliyo mbele ya kiti changu ilionyesha kasi ya kilomita 720 tu kwa saa, nami niliyezoea kuona 900 nikadhani imeharibika.

Saa za tiketi nazo huchanganya, kwani Tokyo imeitangulia Delhi kwa saa 3 na nusu (hiyo nusu ndiyo iliyonisumbua). Ukiondoka Delhi saa 2 usiku, baada ya saa 8 angani unatua saa 1 na nusu asubuhi, ilhali mwili wako bado uko saa 10 alfajiri.