Usukani wa Land Rover Yangu Umetulia

Land Rover Series III niliyoinunua mwezi uliopita ilinifikisha nyumbani Kizota, Dodoma, kwa shida, kwani usukani ulizunguka karibu robo nzima ya mzunguko kabla magurudumu hayajaitikia, na upepo wa tambarare za Bahi uliisukuma huku na huko barabarani.

Nilidhani tatizo ni boksi la usukani peke yake, yaani sanduku la gia lililo mwisho wa mhimili wa usukani. Fundi, mzee aliyeyahudumia magari haya tangu ujana wake, aliniambia nilale chini na kuvitazama viungo huku yeye akitikisa usukani. Kati ya boksi na magurudumu kuna boljointi sita, yaani viungo vyenye kichwa cha mviringo kinachozunguka ndani ya kikombe, na ulegevu mdogo wa kila moja hujumlishwa hadi mikononi mwa dereva. Nne zilikuwa zimekwisha, tulibadilisha zote.

Kazi kubwa ilikuwa rilei, kiungo kinachopitisha mwendo kutoka boksi kwenda magurudumu, kilichopachikwa ndani ya chesisi (fremu ya gari) kwa mbele, ambacho kutu ilikuwa imekishika kiasi kwamba tulikimwagia dizeli kwa siku tatu kabla hakijakubali kutoka. Ndani yake kuna springi iliyobanwa kwa nguvu nyingi, inayoweza kuruka na kumjeruhi mtu vibaya, hivyo mzee alikifunika kwa gunia zito alipokifungua. Kilikuwa kikavu, bila hata tone la oili. Iliniuma sana kukiona hivyo.

Boksi lenyewe lilihitaji sili mpya ya kuzuia oili isivuje, na kurekebishwa skrubu ya pembeni inayopunguza ulegevu tu.

Jumamosi alfajiri niliendesha hadi Bahi na kurudi, na gari lilishika njia yake. Asante sana, mzee wangu.