Mistari ya mawe, msitu wa Karura

Matatu ilitushusha Limuru Road, mimi na mjomba, tukalipa kiingilio na kuzama msituni Karura, jijini Nairobi. Msitu huu Wangari Maathai na wenzake waliupigania mwaka 1999 usinyakuliwe, na kila nikipita humo nawashukuru. Safari hii nilifuata mawe. Mjomba alichonga mawe ya kujengea miaka mingi kwenye machimbo ya Juja. Akiligonga jiwe hujua lina ufa ndani hata kama usoni halionyeshi.

Tulikaa kwenye maporomoko ya maji, mbele ya ukuta wa mwamba uliopasukapasuka. Miamba ya Nairobi kwa sehemu kubwa ni lava na majivu ya volkeno. Lava ikipoa husinyaa, na kwa kuwa imebanwa kila upande, hupasuka kama matope ya dimbwi lililokauka. Nyufa huanzia inakopoa kwanza, juu na chini, kisha huingia ndani. Kwa hiyo ufa ulionyooka sana, ambao wapita njia huudhania kazi ya patasi, huenda una umri sawa na mwamba wenyewe.

Mjomba akaokota jiwe la mtoni, jeusi, lenye mstari mweupe.

"Ligeuze, mpwa wangu."

Nikaligeuza. Mstari ulizunguka hadi upande wa pili bila kukatika. Ulikuwa ufa zamani; maji yakapita humo yakiacha madini meupe, kama kalsiti, mpaka ukaziba. Tunachokiona ni ukingo tu wa utando unaolikata jiwe zima. Hapo nilikaa sana, nikilizungusha mkononi.

Jingine lilikuwa na miviringo ya rangi ya kutu: chuma kilichomo hushika kutu maji na hewa vinapopenya kutoka nje kwenda ndani. Na yale magumu, laini usoni, yana vikovu vidogo vyenye umbo la hilali, ambavyo hutokea mafuriko yanapoyagonganisha.

Tukipanda kuelekea mapangoni, mjomba alisimama. Mzizi wa mugumo, mti wa jamii ya mkuyu, ulikuwa umeingia kwenye ufa wa jabali, mwembamba mdomoni, mnene zaidi ndani. Mzizi ukinenepa ufa hupanuka, na mvua huteremsha udongo unaouzuia usifunge tena. Akaupapasa ukingo, chembe mpya, zisizo na ukungu, zikamdondokea kiganjani.

"Hili linaendelea kupasuka," akasema. "Tupite upande ule."