Tulipunguzwa kazi kwa WhatsApp: nilivyodai stahiki zangu CMA Mwanza

Nilikuwa kwenye kivuko cha Kamanga, natoka Sengerema kufunga paneli za sola za mkopo, ujumbe wa meneja ukaingia kwenye grupu: "Kuanzia leo mikataba imekwisha, rudisheni vifaa." Kesho yake ofisini tukawekewa karatasi: usaini kwamba umelipwa stahiki zote na huna dai lolote, ndipo utumiwe mshahara wa mwezi. Baadhi walisaini. Siwalaumu, kodi ya nyumba haingoji. Mimi niliipiga picha nikaondoka.

Mlango wa kwanza wa madai haya si mahakama wala mkuu wa wilaya, ni CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Dai la kuachishwa kazi isivyo halali lifike ndani ya siku 30, mengine kama mshahara siku 60. Unajaza Fomu Na. 1, nakala unampa mwajiri kwanza, kisha unarudi na uthibitisho. Hapo ndipo pagumu. Dada wa mapokezi hakutaka hata kuigusa: "Kaka, bosi kasema tusipokee kitu." Nikaituma kwa rejista posta, risiti nikaibana kwenye fomu. CMA wakaipokea.

Wakili wa mwajiri alianza kwa kutaka shauri lihamie Dar es Salaam, makao makuu. Msuluhishi akamjibu kwamba mgogoro umetokea Mwanza, utasikilizwa Mwanza. Wakili akageukia hoja ya biashara kushuka. Huenda ni kweli, umeme wa REA, Wakala wa Nishati Vijijini, umefika vijiji vingi, nani akope paneli tena? Lakini kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinamtaka mwajiri atoe taarifa ya kusudio, aeleze sababu na ashauriane na wafanyakazi kabla ya kupunguza mtu. Na anayetakiwa kuthibitisha ni yeye, si mimi. Alipoulizwa muhtasari wa kikao cha mashauriano hayo, wakili alifunua faili mbele na nyuma, kisha akaomba kutoka nje apige simu.

Alirudi na lugha nyingine. Tukakubaliana: notisi ya siku 28, likizo, kiinua mgongo cha siku saba kwa kila mwaka, na fidia ya miezi kadhaa. Uzito uko kwenye hiyo fidia, kiinua mgongo peke yake ni hela ya mboga. Nikataka pia barua rasmi ya kupunguzwa na cheti cha utumishi viandikwe kwenye makubaliano, maana nisingeenda NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kuomba fao la kukosa ajira na picha ya grupu la WhatsApp.