Antena ya Vuria: ubora umetoka sifuri hadi 88

Jana saa moja usiku, wakati ambao kwa miezi minne picha haikuwahi kutulia hata dakika tano, tulitazama taarifa ya habari ya KBC, televisheni ya taifa ya Kenya, tukiwa hapa Rombo upande wa Tanzania, tangu mwanzo hadi mwisho, na hakuna sehemu hata moja ya picha iliyoganda. Mke wangu, ambaye kwao ni Taveta, hakuinuka kwenye kiti mpaka ilipokwisha. Ninaandika leo mambo yakiwa bado mabichi kichwani, kwa sababu kosa halikuwa kabisa mahali nilipokuwa nikilitafuta.

Mitambo ninayoilenga iko Vuria, kilele kirefu kuliko vyote katika milima ya Taita, mita 2,208 kutoka usawa wa bahari. Kutoka kwetu ni kama kilomita 80, mashariki na kusini kidogo, na katikati kuna tambarare za Taveta na Tsavo zilizo chini yetu sana, hivyo kwamba asubuhi isiyo na ukungu milima ile huonekana kwa macho. King'amuzi changu ni cha DVB-T2 (mfumo wa televisheni ya kidijitali inayopokewa kwa antena ya kawaida) kisichofungwa na kampuni yoyote, masafa niliyaingiza kwa mkono, na vijiti vya antena nilivijaribu vikiwa vimelala na vikiwa vimesimama.

Tatizo lilikuwa hili: kwenye ukurasa wa king'amuzi unaopima mawimbi, mstari wa nguvu ulisoma 94, na mstari wa ubora ulisoma sifuri, mara chache 15. Kila fundi niliyemuuliza alinishauri niinue mlingoti na kuongeza busta (kikuza mawimbi ya antena), nami nilimwamini kila mmoja wao. Nilibadilisha busta mara mbili, kila mpya ikiwa na nguvu kuliko iliyotangulia, na kila mara nguvu ilipanda huku ubora ukizidi kuzama. Nilikwisha kununua mabomba ya kufikisha mlingoti mita 9, na mpaka leo yamelala nyuma ya jiko.

Dalili ya kwanza niliipata kwa kukosa usingizi. Saa nane usiku ubora ulikuwa 40 na picha ilikuwa ikijaribu kufunguka. Ilipofika saa moja jioni ya siku hiyo hiyo, palikuwa hapana kitu. Kwa usiku sita mfululizo niliandika namba kwenye daftari kila baada ya saa moja, na siku zote ilikuwa vilevile: watu wakilala, ubora hupanda, watu wakiamka, hushuka. Nilifikiria umande, nikafikiria joto la mchana, nikafungua vichwa vyote vya waya na kuvifunga upya, lakini hakuna kilichobadilika.

Kisha wiki iliyopita umeme ulikatika kutwa nzima, nasi tukawa tunatumia betri ya sola. Yapata saa mbili usiku simu zote nyumbani zilipoteza mtandao kwa mpigo, kwani mnara wa simu ulio mita kama 300 kutoka kwetu ulikuwa umezimika, na kabla sijaiweka simu mezani mwanangu aliita, "Baba, imekuja!" Ubora ulikuwa 81. Baada ya dakika 40 mnara ulirudi, na picha ikaondoka nao.

Televisheni sasa hukaa kati ya megahezi 470 na 694, na mawimbi ya simu yamepewa nafasi za juu yake. 4G (intaneti ya simu) ya eneo la megahezi 800 hushuka kutoka mnarani kati ya 791 na 821. Busta ya kawaida haichagui, inakuza kila kinachoingia, na mnara wa jirani unapoingia kwa kishindo huilemea mpaka inazaa takataka ndani ya masafa ya televisheni yenyewe. Mstari wa nguvu huzihesabu takataka hizo kama mawimbi halali. Watu wanapotumia intaneti kwa wingi jioni, mnara hutoa mawimbi mengi zaidi, na ndiyo maana daftari langu lilifuata saa za watu kulala.

Niliacha habari ya mlingoti siku hiyo hiyo. Kichujio cha dukani cha kuzuia mawimbi hayo ya simu sikukipata katika miji ya Mkuu wala Himo, kwa hiyo nilitengeneza cha kipande cha waya wa antena chenye urefu wa robo ya wimbi, kilichoungwa kwa kiungo cha T kabla ya busta; kipande cha urefu huo, ncha ikiwa wazi, huyameza mawimbi ya masafa yake. Kabla, si baada, kwani busta ikishalemewa hakuna cha kuchuja. Kwa megahezi 800, robo ya wimbi hewani ni sentimita 9.4, na ndani ya waya wa RG6 (waya wa kawaida wa antena) wenye sponji hupungua kufikia karibu 7.8. Nilianza na sentimita 9, ncha ikiwa wazi, nikakata kwa wembe milimita mbili mbili huku mwanangu akinisomea namba dirishani: 12, 12, 20, 37, 66. Kwenye 7.8 ikafika 88, nami nikaweka wembe chini. Nguvu sasa inasoma 61 tu, na kwangu ndiyo namba nzuri kuliko 94 ya zamani.

Angalizo kwa atakayejaribu: kile kigawanyaji cha njia mbili hakifai kabisa kutumika badala ya kiungo cha T, kwa sababu hutenganisha matundu yake kwa makusudi, nacho kilinipotezea mchana mzima. Busta nayo nimeirudisha ile ndogo ya mwanzo.

Kipande hiki pia hupunguza kidogo masafa ya televisheni yenyewe, na zaidi yale ya juu yaliyo karibu na 694. Huko kuna kifurushi kimoja (kundi la chaneli zinazorushwa pamoja) kinachogota kwenye ubora 30. Ncha nimeiziba kwa nta ya mshumaa ili mvua isiingie, na Jumamosi nitajaribu kuiondoa busta moja kwa moja na kuweka antena ndefu zaidi mahali pake. Mabomba yamekwisha kupata mtu wa kuyanunua.