Mama aliacha masomo juu ya buku

Nataka niongee kitu yenye inanikaa ku roho tangu mwaka jana. Mi nafundisha Kingereza ya watu wazima mangaribi hapa Lubumbashi, mu komini ya Katuba, mu darasa ya shule ya msingi yenye tunaazimwa saa kumi na moja watoto wakishaenda nyumbani. Watu wazima wanakaa ku mabenchi ya watoto, magoti yanagonga mbao, na wanakuja tu. Kuna shoferi wa kamyo, mlinzi wa kampuni ya mine, kijana mwenye anatafuta kazi ku forodha, ba mama wenye wanaenda kuchukua vitu Kasumbalesa, ku mpaka wa Zambia. Kila mtu ana sababu yake ya chakula, hakuna hata mmoja mwenye anasoma juu ya kupitisha wakati.

Mwanzo nilifanya vile niliona walimu wangu wakifanya. Nilikuwa na buku moja nzuri ya rangi, ya kampuni kubwa ya vitabu ya Uingereza, nikaambia kila mtu aende kutoa fotokopi. Kurasa 160, franga 100 kwa ukurasa mahali tulikuwa tunaenda, inafika franga 16000, na bado hujaifunga. Tulianza watu 23. Mwisho wa mwezi wa pili tukabakia 11 na mi nikawa nasema watu wazima ni hivyo, wanachoka haraka, wako na mambo mengi.

Siku moja napita ku soko ya Kenya (hii Kenya ni komini yetu, si ile inchi ya Nairobi) naona mama mmoja wa darasa letu, anauza kapenta, zile samaki ndogo za kukauka. Nikamuuliza, mama, mbona tulikupoteza? Akanyamaza kidogo, akapima kapenta ya mteja, akamrudishia makuta (pesa) yake, njo akanijibu: «Mwalimu, wenzangu wanafungua buku mi naangalia ukuta. Na hizo makuta za fotokopi, kwangu ni bukari (ugali) ya watoto siku ngapi?» Nilisimama pale sina neno. Hakuchoka huyu mama. Mi njo nilimfukuza bila kujua, kwa buku.

Na ile buku yenyewe, nikiiangalia sasa, haikuwa yake. Sura ya tatu inafundisha kukodi chumba ya hoteli, sura ya tano watu wanaenda kucheza ku barafu. Mama wa kapenta anataka kuhesabu mifuko, kukataa bei bila kugombana, kusoma tarehe ya mwisho ku kitu yenye ananunua, na kumuuliza mtu wa mpaka ni karatasi gani inakosa. Tena kutoa fotokopi ya buku nzima ya mtu si halali, inchi yetu ina sheria ya haki za waandishi tangu 1986, na mi mwalimu nilikuwa nafundisha watu wazima kuivunja.

Sasa tunafanya hivi. Hakuna buku ya kununua. Kila wiki natengeneza karatasi moja tu, A4, imeandikwa pande mbili, unaikunja katikati inakuwa kurasa nne ndogo za kuingia mu mfuko wa shati. Franga 200 kwa mtu kwa wiki. Wiki 12 inafanya 2400, na mwisho unazishona pamoja na uzi, umepata buku yako, yenye mwandiko wako ndani. Hii ya mwandiko mi naona njo kubwa kuliko bei: buku ya kuazima huwezi kuiandika ndani, na mtu mzima asipoandika jibu na mkono wake mu karatasi yenye atarudi nayo nyumbani, kesho asubuhi amesahau yote, kichwa yake iko na deni, iko na ada ya watoto.

Makuta yenyewe tunakusanya mu kopo yenye imefunikwa, inazunguka, kila mtu anaingiza mkono. Mwenye anaweza 500 anaweka 500, mwenye hana anaingiza mkono mtupu na hakuna mtu anajua. Hadi leo kopo haijashindwa kulipa fotokopi hata wiki moja.

Karatasi ya kwanza haikutuombea hata kamusi. Niliandika maneno yenye tunaongea kila siku hapa Lubumbashi na zimetoka Kingereza zamani: buku, motokari, bulangeti, shati. Reli ilifika hapa 1910 kutoka kusini, kutoka Rodezia ya wakati ule, na Kingereza kikaja pamoja na mizigo na watu wa kazi, ba babu zetu wakaikata vile masikio yao ilisikia. Shoferi wetu mmoja, mzee kabisa, aliposoma ile orodha alisimama akasema kumbe hii lugha ilikuwa ku mdomo yangu tangu utoto. Kuanzia pale haogopi tena kuongea.

Kitu ya pili ni mifuko. Unga ya mahindi mingi tunakula hapa inatoka Zambia, na mfuko wake ni somo nzima yenye inalala bure mu kila jikoni. Kuna jina ya unga, breakfast ama roller, kuna kilo 25, kuna tarehe, kuna maneno ya kusema uweke mahali pakavu. Kila mtu alileta mfuko yake, tukasoma saa moja na nusu bila kutoa franga. Ku ile breakfast ba mama walicheka kidogo, juu hawakujua ni chakula cha asubuhi, walijua tu ni unga nyeupe ya bei. Wiki ingine tukasoma karatasi ndogo yenye inakuwa mu boksi ya dawa, pale kimya kiliingia, juu wengi waliona vile walikuwa wanameza dawa bila kujua imeandikwa nini.

Kwa mabango ya ukuta, tafuta mafundi wenye wanajenga, waombe mifuko ya simenti. Ndani kuna karatasi ya kaki, ngumu, ukiipangusa vumbi vizuri unaandika na makeri kubwa na inakaa miaka. Mi niko nayo ya namba, ya siku, ya maswali, nazikunja narudi nazo nyumbani juu asubuhi darasa ni ya watoto.

Sasa sauti. Redio ya Marekani, VOA, ilianza mu 1959 habari za Kingereza ya polepole, na maneno karibu 1500 tu, juu ya watu wenye wanajifunza. Maandishi na sauti zenye VOA yenyewe ilitengeneza hazina mwenyewe mwenye haki, unaweza kuzitoa fotokopi, kuzigawa, kuzikata. Nilizishusha mahali kulikuwa na waifai nikaziweka mu memori kadi, tunapeana kwa Bluetooth, hata telefone ndogo ya batoni yenye nafasi ya kadi inazicheza, shoferi anasikiliza njiani bila kununua mega. Mwezi wa tatu 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha kazi nyingi za ile redio, njo nikaelewa ni vizuri kuweka faili mu mkono, usitegemee intaneti peke yake.

Hapa walimu wenzangu nisikilizeni, juu tunachanganya: kitu ya bure kusoma si lazima ni bure kuchapisha. BBC Learning English ni nzuri sana, sikiliza bure, lakini haimaanishi unaweza kuitengenezea buku yako ugawe. Tafuta alama ya Creative Commons, ile leseni yenye mwandishi anakuruhusu nayo kutumia kazi yake, na usome herufi zake. BY ni kutaja mwandishi, NC ni usifanyie biashara, ND ni usibadilishe kitu, na kutafsiri ni kubadilisha. African Storybook ya Afrika ya Kusini iko na hadithi fupi nyingi za leseni hizi, na zingine ziko kwa Kingereza na kwa Kiswahili, unaweka mbili kando kando. Ni za watoto, ninyi mnajua mtu mzima hapendi kupewa kitu ya mtoto. Lakini nilipowaambia ba mama hii ni ya kwenda kusomea watoto wenu usiku, walizibeba zote.

Kiwix pia iko, programu ya kuweka Wikipedia mu telefone bila intaneti, na kuna Wikipedia ya Kingereza rahisi, ile ya Simple English. Hiyo ni ya wenye wameshaendelea.

Na zile boksi za msaada. Mwaka jana tulipewa boksi tatu za vitabu kutoka ng'ambo, tulibeba kwa furaha, tukafungua: buku za kupika keki, za sheria ya kodi ya inchi ya watu, riwaya nene ya herufi ndogo. Najua waliotuma walikuwa na moyo mzuri. Lakini usafiri ya zile boksi ingelipa karatasi zetu za miaka mingi, na hakuna mtu aliuliza kwanza huku mnasoma nini, mnafanya kazi gani. Inaniuma bado.

Tangu tuingie mu Jumuiya ya Afrika Mashariki mu 2022 wenye wanakuja kuuliza darasa wanaongezeka. Sina mahali ya kuwaweka wote, ila karatasi nitawapa.

Mama wa kapenta alirudi. Anakaa mbele, karatasi zake ameziweka mu plastiki juu ya mvua. Wiki iliyopita akatoa mu kitambaa karatasi moja ya mpaka, imekunjwa mara nne, ina jasho, Kingereza tupu. Alilipishwa makuta nayo na hakuelewa ilikuwa ya nini. Akaiweka mbele yangu: «Mwalimu, hii njo tusome.» Nimeiandika upya usiku, jina na namba nimezitoa, Kingereza upande wa kushoto, kulia nafasi tupu kila mtu ajaze na Swahili yake. Ni karatasi ya 9. Siku ya posho (Jumamosi), moto ya umeme ikiwaka, naipeleka ku fotokopi, kopi 27.