Kiriba changu kimegoma kuoza

Mwezi wa tatu tuling'oa mwembe uliodumaa shambani kwangu Nzuguni. Tuliupanda na mvua za Desemba, miaka miwili na ushee iliyopita, na ulikuwa haujafika hata kiunoni. Kijana anayenisaidia kitaluni akapiga jembe mara mbili, akainama, akaniita: "Madam, hebu njoo. Si ulisema hivi vinaoza?"

Kiriba, kile kifuko tulichooteshea mche, kilikuwa kizima. Rangi imefifia, mchwa wametoboa matundu mawili, lakini maandishi yanasomeka. Ndani, mizizi imejiviringa kama kamba kwenye ndoo ya kisima.

Nafundisha kemia sekondari, kwa hiyo aibu ilikuwa mara mbili. Nilivinunua karibu mara tatu ya bei ya vile vyeusi vya plastiki ya kawaida, muuzaji akiapa kwamba "vinaoza vyenyewe ardhini", nami nikaitikia kama mtu asiyewahi kushika chaki.

Maandishi yalisema PLA na PBAT, yaani plastiki mbili zilizochanganywa. PLA ni polima ya laktidi: sukari ya mahindi au miwa huchachushwa iwe asidi ya laktiki, ile ile iliyomo kwenye mtindi, kisha huungwa kuwa minyororo mirefu. Ina nguvu, ila ni kavu. Ukiivuta hukatika kabla haijarefuka kwa asilimia 10. Kikombe cha juisi cha PLA tupu nilikikunja mbele ya kidato cha tatu, kikalia kaa! Kipande cha kiriba wakakivuta wawili, kikanyooka tu. Hiyo ni kazi ya PBAT, ambayo ni laini na huvutika mara kadhaa ya urefu wake. Inatokana na petroli, jambo ambalo muuzaji hakuligusia, ingawa nayo huoza. Zikichanganywa haziyeyukiani, moja hukaa ndani ya nyingine kama matone ya mafuta kwenye mchuzi.

Kwenye PLA, bakteria si wa kwanza mezani. Maji hutangulia kuikata minyororo, na mpaka vipande viwe vifupi ndipo wadudu hao wapate cha kula. Chini ya nyuzi 55 hadi 60 hivi minyororo imekakamaa, na maji huikata kwa kudonoa. Udongo wangu hupata mvua miezi minne au mitano, kisha unakauka kama kigae. Tunalilalamikia jua la Dodoma, lakini kwenye kina cha shimo la mche hakuna nyuzi 58, joto linalotumika kupima kama plastiki inaoza kwenye mboji ya viwandani.

Basi nikafukia vipande katikati ya lundo la samadi mbichi na majani, nikawa nalimwagia maji na kulifunika turubai. Kipimajoto cha maabara kilisoma 57 siku ya sita. Baada ya wiki tisa, tukiligeuza na kulilowesha tena, vipande vilisagika vidoleni kama biskuti ya jana kwenye chai.

Vilivyobaki stoo, chini ya bati, siku hizi vinachanika tukivijaza udongo. Shambani vimegoma, stoo vinazeeka. Kijana anavichana kwa wembe kabla ya kupanda, kama vile vyeusi, na kuvitia kwenye gunia kungoja lundo lijalo. Samadi nimeagiza kwa mzee jirani. Pesa hataki, anataka miche sita ya miembe, tena isiyo na viriba.